Mhakiki Hafichui Mwisho

Mugumu,
18 Agosti 2024

Baba mdogo Mniko,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nilipoondoka Muriba mama alikuwa hajambo, na mdogo wangu Wegesa pia, ila alikuwa na kikohozi kidogo. Upepo umeangusha migomba minne nyuma ya nyumba. Mashine yako ya kusaga bado imefungwa, na watu wanaobeba mahindi mpaka kijiji cha pili wanakulalamikia kana kwamba umeenda kutembea.

Ni zaidi ya wiki tisa tangu wakuchukue kwa kifo cha Waitara. Nilianza barua nne nikazichana. Kila moja ilianza kwa kukuuliza hali yako, na mtu aliye mahabusu akisubiri kesi ya mauaji sijui anaulizwaje hali. Kwa hiyo nitakuandikia jambo ninalolijua.

Mwalimu Beatrice, anayetufundisha Fasihi na kutunza maktaba, ametuwekea ubao karibu na bomba la maji. Anayemaliza riwaya anabandika uhakiki wake hapo ili wenzake wajue kama inafaa kusomwa. Mimi naogopa kusimama mbele ya watu, unanijua, lakini kubandika karatasi wakati wote wako chakulani naweza. Situmii jina langu. Najiita Dirisha la Tatu, kwa sababu ndipo ninapokaa darasani. Vitabu vingi ninavyohakiki ni vile ulivyoninunulia Sirari. Vikifunguliwa bado vinamwaga unga wa mashine yako.

Hatutoi alama, tunahesabu foleni. Riwaya ya foleni moja unaiacha zamu ya ndoo yako ikifika. Riwaya ya foleni tano inakufanya upitwe na zamu mara tano bila kujua. Na kanuni ni moja, Mwalimu ameiandika juu ya ubao kwa wino mwekundu: MHAKIKI HAFICHUI MWISHO. Wewe uliyekuwa unaanza na ukurasa wa mwisho "ili nisisumbuke" ungefukuzwa siku ya kwanza.

Nakunakilia uhakiki mmoja.

"Mchumba wa Alhamisi. Hadithi ya mapenzi. Nesi anachumbiwa na mwanamume anayekuja siku ya Alhamisi tu. Msomaji anajua ukurasa wa kumi kwamba siku nyingine zina mwenyewe. Nesi anajua ukurasa wa mia moja na arobaini. Mwandishi anatuomba tumhurumie, mimi nilitamani kumpa kalenda. Foleni mbili."

Juzi nilipata homa. Matroni aliponiwekea kitambaa kwenye paji la uso nikamwita "baba". Bweni zima wakacheka, hasa wasichana wa Dodoma, wakasema matroni ameota ndevu. Ikabidi nieleze kwamba kwa Kikurya chetu neno "baba" maana yake ni mama, na baba mzazi tunamwita "tata". Walicheka zaidi. Mimi sikucheka, baba mdogo. Nilikumbuka lile neno la Wegesa.

Wako mtiifu,
Bhoke


Tarime,
22 Septemba 2024

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugongwa muhuri. Ujue kwamba kila unachoandika anakisoma afande kwanza, ndipo mimi. Nami hiki ninachoandika atakisoma kabla yako. Msalimie mama yako. Mwambie migomba iliyoanguka asiiache hapo, itamletea fuko wa kula mizizi.

Mimi sijambo. Mgongo unauma kwa sababu ya kulala sakafuni, lakini mgongo wangu ulikuwa unauma tangu enzi za magunia.

Sasa nikueleze. Vitabu tulivyonavyo selo ni vya dini, na kimoja cha ufugaji wa nyuki ambacho tumekisoma mpaka tunawajua nyuki kwa majina. Barua yako niliisoma kwa sauti. Watu wazima, wengine wana kesi ambazo sitaki kukutajia, waligombana kuhusu yule nesi. Mmoja alisema, "Huyo hakuwa mjinga, alikuwa anapumzika siku sita." Kuna mzee anaitwa Gidion, anasubiri hukumu ya mauaji. Yeye hakucheka. Aliniambia, "Mapenzi sina haja nayo. Mwambie binti yako alete ya upelelezi. Nataka kuona mwenzangu mmoja anakamatwa kihalali."

Kwa hiyo tuletee. Andika na majina ya wahusika, wanapenda majina.

Kuhusu Wegesa: mtoto wa miaka minne anasema maneno mengi. Usiniandikie tena habari ya neno. Niandikie riwaya.

Baba yako mdogo,
Mniko


Mugumu,
20 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua yako. Hatujapata maji ya bomba wiki mbili, tunateremka kuchota kwenye bwawa la Manchira kwa zamu, kwa hiyo mikono yangu inauma na mwandiko huu ni wa mikono inayouma. Mama hajaandika. Najua hajui kusoma wala kuandika, lakini zamani alikuwa anamtuma mtu. Wasalimie pia wale wa selo yako, na hasa mzee Gidion. Hii ni yake.

"Nani Alizima Jenereta. Riwaya ya upelelezi. Wageni sita wako katika nyumba ya kulala wageni kando ya barabara ya vumbi. Wakiwa mezani, taa zinazimika. Zinapowashwa, mfanyabiashara aitwaye Kilimba amekufa juu ya sahani yake. Mpelelezi Zuhura hamtafuti aliyeua. Anamtafuta aliyezima jenereta, kwa sababu anaamini akimpata huyo, yule mwingine atajileta. Anamshuku mpishi, anamshuku dereva, anamshuku mwalimu mstaafu anayejua sana umeme. Kila sura inakufunga mlango mmoja. Kasoro yake: mwandishi anapenda mno kueleza chakula. Foleni tano, na ndoo yangu iliibwa."

Mwambie mzee Gidion kwamba mwisho siwezi kumwambia. Kanuni ya ubao ni hiyo.

Najua ulinikataza jambo moja. Nitaliandika mara moja tu. Siku ile yule askari mgeni alichuchumaa kando ya ghala, mbali na watu. Mimi nilikuwa nimemshika Wegesa mkono. Alimuuliza nani amempiga Waitara, akafanya na ishara ya kupiga, na Wegesa akasema neno moja. Askari akaliandika. Kisha akanigeukia. "Baba yenu si alishafariki?" Nikasema, "Yupo baba mdogo."

Ni maneno matatu. Sikudanganya hata moja. Darasani Mwalimu anasema mhakiki anaweza kupotosha kitabu kizima bila kuandika uongo wowote, kwa kuacha tu. Alipokuwa anasema hivyo nilikuwa naangalia nje, kwenye hilo dirisha langu.

Bhoke


Tarime,
10 Novemba 2024

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Naandika kwa haraka, karatasi ni ya kuazima.

Hukumu ya Gidion ni tarehe ishirini na tano mwezi huu. Ana mawazo yake kuhusu jenereta, lakini hataki kuyasema mpaka asikie jibu, asije akaonekana mjinga. Ametuzuia hata sisi tusibashiri. Kanuni ya ubao wenu ni nzuri kwa watoto wa shule walio na muda. Tuandikie mwisho.

Hayo mengine uliyoandika sikuyasoma kwa sauti. Niliyasoma kimoyomoyo, na afande naye aliyasoma hivyohivyo. Asante Mungu yeye ni mtu wa pwani. Basi, yaishie hapo.

Mniko


Mugumu,
1 Desemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nisamehe sana. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na sita na nimekaa nayo zaidi ya wiki mbili. Tulikuwa na mitihani, lakini sitaki kusingizia mitihani. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo siwezi kuieleza leo.

Mwambie mzee Gidion hivi. Aliyezima jenereta ni marehemu mwenyewe, Kilimba. Alimwona mezani mtu ambaye hakutaka amwone, akamtuma mpishi maji ya kunawa, akatoka, akazima, akarudi gizani kuchukua koti lake kitini akitegemea kutoroka. Yule mtu alikuwa ameshamtambua kwa kikohozi chake. Zuhura anasema kwamba giza alilijenga mwenyewe, kisu kilikuwa cha mwingine.

Nimevunja kanuni. Sijamwambia Mwalimu. Kama barua hii imechelewa, usimwambie mzee kwamba ni mimi niliyeichelewesha.

Tunafunga shule wiki hii. Kuanzia Jumamosi nitakuwa Muriba.

Bhoke


Tarime,
29 Desemba 2024

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Heri ya Krismasi kwenu wote. Sisi tulipewa nyama, vipande viwili kila mtu.

Barua yako ilinifikia tarehe nne Desemba. Gidion aliondoka tarehe ishirini na tano Novemba, siku ileile ya hukumu. Kunyongwa. Wamemhamishia gereza lingine, mbali, sijui lipi. Alirudishwa hapa kuchukua blanketi lake tu. Mlangoni aliniuliza, "Binti hajajibu?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mimi nasema ni marehemu mwenyewe. Mtu akifa mezani kwake, anza na yeye." Halafu akaenda.

Alikuwa amepatia, Bhoke. Siku tisa baadaye nikasoma barua yako kwa sauti. Mmoja alichukua nafasi yake ya kulala, basi.

Kesi yangu ilitajwa tena. Wanasema upelelezi haujakamilika na kwamba Wegesa ataletwa mahakamani atakapokuwa amefikisha umri wa kueleweka vizuri. Usiwe na wasiwasi na hilo. Andika ya majini na ya miujiza, hizi za upelelezi zimetosha.

Mniko


Mugumu,
19 Januari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimerudi shule, sasa niko kidato cha nne. Nilifika siku nne nimechelewa na nikaadhibiwa kufyeka, nitakueleza kwa nini. Nimesoma habari ya mzee Gidion mara nyingi.

Umeomba miujiza. Hii nimeibandika jana.

"Ng'ombe wa Chini ya Maji. Hadithi ya mambo ya ajabu. Kijiji kimezamishwa na bwawa, lakini chini huko maisha yanaendelea na ng'ombe bado wanalisha. Msichana mmoja, Nyasero, anajua njia ya kuteremka. Kila akiteremka anamwona bibi yake, na kila akipanda anakuwa amesahau neno moja la lugha yake. Kwanza anasahau neno la jiwe, halafu neno la chumvi. Mwandishi hana haraka na hamwonei huruma. Niliisoma kando ya Manchira na nikaogopa kutia ndoo. Foleni nne. Ningetoa tano, lakini nilifunga kitabu mara kwa mara ili nihesabu maneno yangu."

Sasa habari za nyumbani. Mama amekonda. Anaamka, analima, anapika, anampakulia Wegesa, lakini kuongea haongei. Ana mchi mpya wa kutwangia, mti bado mweupe. Nilimuuliza mbona hajaja kukuona hata mara moja. Akasema, "Nikija nitamtazama vipi?" Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema likizo yote.

Wegesa ametimiza miaka mitano. Tarehe kumi na tatu nilimpeleka mwenyewe kuanza darasa la awali, akiwa na daftari langu la zamani nililolikata katikati. Alifurahi mpaka akasahau kuniaga. Unajua hajui Kiswahili, nyumbani tunaongea Kikurya tu. Siku ya pili alirudi anakimbia, akasimama mbele ya mama, akamwambia kwa Kiswahili, "Mama, nipe maji."

Mama alikuwa ameshika kibuyu, akakidondosha. Alimtazama Wegesa kama mtu anayetazama moto unaoanza juu ya paa. Akamuuliza kwa lugha yetu, "Umeniitaje?" Mtoto akarudia, akaeleza kwa lugha yetu, kwa majivuno, "Mama. Mwalimu anasema wewe ni mama. Baba ni mwingine."

Kesho yake hakupelekwa shule, wala kesho kutwa. Mama alimfunga mtoto wa jirani mgongoni mwa Wegesa, akamwambia kazi yake sasa ni kulea. Lile daftari nilikuta limewashiwa moto. Ndiyo maana nilichelewa kuondoka, nilikuwa nabishana. Mama aliendelea kufagia uwanja, na mimi sikuweza kusema kile ambacho wote wawili tulikuwa tunakijua.

Baba mdogo, mtoto ananyimwa lugha ili asije akaeleweka. Mimi nimeshindwa kulala na jambo hili kuliko hata lile la kwanza. Ubaoni kwetu kuna riwaya sabini na mbili. Nikizitazama naona mtu ambaye hatasoma hata moja, na sababu ni maneno yangu matatu.

Bhoke


Tarime,
2 Machi 2025

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Hali yangu ni ya kawaida. Ile ya ng'ombe wa majini imependwa sana. Wamemtungia Nyasero mchumba na wanabishana mahari.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwa sababu nilikuwa na hasira, na karatasi haipaswi kuandikwa kwa hasira.

Sikiliza. Mtu akifungwa, kuna kitu kinachofungwa pamoja naye. Mimi sina mke wala mtoto. Nikifungwa mimi, imefungwa mashine ya kusaga. Wengine wakifungwa kinafungwa zaidi ya mashine. Mimi hesabu hiyo niliifanya siku ileile, nikiwa nimesimama pale uani, kabla hata gari halijafika, na sijaibadilisha. Mtoto anaweza kuanza shule akiwa na miaka saba, hata minane. Mimi nilianza na tisa.

Kwa hiyo nakuzuia, tena nakuzuia kama mzazi. Umefika kidato cha nne, mbele yako kuna mtihani. Soma. Vitabu vyako vinajua kunyamaza mpaka ukurasa wa mwisho, nawe ujifunze kwao. Mwisho wangu nimeshausoma, kama kawaida yangu, na sijasumbuka.

Mniko


Muriba,
21 Aprili 2025
Jumatatu ya Pasaka

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo naandika nikiwa nyumbani. Sitaleta salamu nyingi wala uhakiki. Nisamehe kwa kutokutii.

Kwanza nikuambie nilichokuficha Desemba. Nilisema siwezi kumwambia mzee Gidion mwisho kwa sababu ya kanuni. Haikuwa kanuni. Nilikuwa siujui. Nani Alizima Jenereta ndicho kitabu ulichoniletea Juni, na nilikuwa nakisoma ndani ya nyumba siku ile Waitara alipokuja. Nilisikia sauti uani. Nilimsikia mama. Nilikuwa nimebakiza kurasa mbili, nikajiambia nimalize ukurasa huu ndipo nitoke. Niliumaliza. Nilipotoka jambo lilikuwa limeshatendeka. Zile kurasa mbili sikuzigusa mpaka barua yako ilipokuja, na hata hapo zilinichukua wiki mbili. Ndiyo sababu mzee aliondoka bila jibu.

Sasa namwomba afande anayesoma barua hizi kabla ya baba mdogo asome sehemu hii polepole. Mwalimu Beatrice anayo nakala, nilimpa kabla ya kufunga shule, na kesho nitamtumia pia maneno ya mama yaliyo hapa chini.

Mimi naitwa Bhoke, nina miaka kumi na saba. Tarehe 13 Juni 2024, saa tisa alasiri, Waitara alikuja kwetu Muriba. Alikuwa binamu wa marehemu baba yangu, na tangu baba afariki alikuwa anataka kumrithi mama, na mama alikuwa anakataa. Alikuwa amelewa. Aliyempiga si Mniko. Mniko alikuja mbio kutoka mashineni akakuta Waitara ameshaanguka. Alimnyang'anya mama mchi, akamwambia aingie ndani anawe. Damu iliyokuwa kwenye shati lake ni ya kumwinua marehemu.

Mdogo wangu Wegesa aliulizwa na askari akajibu "baba". Alikuwa na miaka minne na hakuwa anajua Kiswahili. Alijibu kwa Kikurya. Kwa Kikurya baba ni mama. Baba ni tata. Mkurya yeyote atawaambia hivyo. Nilijua alichosema na nikaacha kiandikwe vingine, tena nikasaidia.

Jana, baada ya kanisa, nilimwambia mama nitakachoandika. Alikuwa anapukuchua mahindi na Wegesa alikuwa kando yake, yule mtoto wa jirani mgongoni. Niliongea Kikurya, ili pasiwe na neno la kukosewa tena. Nilifikiri atalia au atanipiga. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Halafu akasema, "Kila asubuhi watoto wakipita na madaftari, huyu anasimama pale mlangoni. Hasemi kitu. Anasimama tu." Akachukua gunzi jingine. "Kama unaandika, andika na kwamba alikuwa amenishika shingo. Amenibana kwenye ghala. Nilipiga mara moja. Sikupiga mara mbili. Andika hivyo, mara moja."

Nimeandika, mama: mara moja.

Kesho atakwenda kituoni mwenyewe, mimi na mwenyekiti wa kijiji tutamsindikiza. Ameosha nguo zake mbili na ameshamfundisha Wegesa mahali chumvi ilipo.

Mwisho wako uliousoma haukuwa wa kitabu hiki, baba mdogo. Ulianza na ukurasa usio wetu.

Bhoke


Muriba,
20 Julai 2025

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Ndiyo, naandika kutoka Muriba. Waliniachia wiki mbili zilizopita. Ulikuwa umebaki shule kwa kambi ya mtihani, kwa hiyo sikukuona, na labda ni afadhali. Ningekuona siku ile sijui ningekuambia nini. Hata sasa sijui kama nakushukuru. Nilikuwa nimekubali kitu changu, nawe umekichukua mikononi mwangu. Niache kwanza nikae na hilo.

Nilipita kumwona mama yako. Wamemshtaki kuua bila kukusudia, na wakili aliyetafutwa na Mwalimu wako anasema lile la shingo lina uzito. Hakuahidi. Ni miaka, hajui mingapi. Mama yako alinitazama. Aliweza. Tulikaa kama dakika kumi na hatukusema mambo ya maana. Aliuliza migomba.

Kisha akaniambia kwamba huko wanawake wamesikia una barua za riwaya. Kuna mmoja anayejua kusoma, atawasomea. Anataka umwandikie. Nikamweleza kanuni yenu, kwamba utamsimulia kitabu na kumficha mwisho. Akafikiri, akasema, "Mwambie mimi aniambie mwisho kwanza. Nikijua wanafika wapi, hayo ya katikati nitayavumilia."

Mashine nimeifungua. Mkanda ulikuwa umeliwa na panya. Nilikuta kitabu kimoja nyuma ya magunia, cha mapenzi, nitakutumia.

Wegesa anakwenda awali. Anajua kuandika herufi tano na anaziandika kila mahali, hata kwenye pipa la unga. Asubuhi namfungia viatu. Jioni nikirudi ananikimbilia kutoka mlangoni pale na kuniita, "Baba." Bado sijamuuliza ananiita kwa lugha ipi.

Baba yako mdogo,
Mniko